Michoro imependeza, faida iko wapi?

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Nina karakana Morogoro, tunatengeneza mashine za kukoboa na kusaga, matangi na mageti. Mafundi ni saba. Mwaka jana nilinunua kompyuta, nikaajiri kijana aliyesomea uchoraji wa kompyuta, nikalipia na programu. Michoro sasa inapendeza, wateja wanaisifia. Lakini nikipiga hesabu za mwaka sioni faida iliyoongezeka, na mashine zinachelewa vilevile. Kijana naye anataka leseni ya programu kubwa ya 3D, ile ya kuchora kitu kizima kikaonekana pande zote, bei yake inanitoa jasho. Je, pesa ya kwanza niliitupa? Na hii ya pili nitoe?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikujibu kwa kifupi kwanza usije ukalala na mawazo: pesa ya kwanza hukuitupa, ila kijana wako umemkalisha mahali ambapo kazi yake haigusi gharama. Ya pili usiitoe bado.

Sasa chukua karatasi. Andika mashine moja ya kukoboa inachukua siku ngapi tangu mteja anapoacha advansi hadi inapopakiwa kwenye kirikuu. Tuseme 20. Zamani kuchora kulikula siku mbili, kijana amekuja na kompyuta yake anamaliza kwa siku moja. Umetoka 20 ukafika 19, yaani asilimia 5, na mkerezaji wa shafti akiugua Jumatatu moja tu, siku hiyo uliyookoa imeshaliwa. Hata kijana angechora kwa kupepesa jicho, usingeokoa zaidi ya siku mbili. Siku nyingine 18 ziko uani: kukata, kukunja, kuchomelea, kusubiri beringi, kutoboa tena tundu lililokaa vibaya, kubomoa kilichochomelewa upande usio wake.

Ndiyo maana hunichekesha muuzaji wa programu hizi anapoanza na kasi ya kuchora. Kasi ilikuwa hoja ya maana kwenye ofisi zilizokuwa na vyumba vizima vya wachoraji walioinamia mbao zao. Huko ukipunguza saa za kuchora umepunguza mishahara. Wewe mchoraji wako ni mmoja. Kwako faida ni nyingine: kosa linatokea mapema, lingali la bei rahisi. Kosa la kwenye kioo dawa yake ni kitufe. Kosa hilohilo likishafika kwenye pleti, unanunua pleti nyingine, gesi nyingine, na fundi unamlipa mara mbili kwa kazi moja.

Na usijione mjinga kwa kutoiona faida. Mwaka 1987 Robert Solow, mchumi Mmarekani aliyepata Nobeli mwaka huohuo, aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Alikuwa anazungumzia uchumi wa Marekani nzima, ambako kampuni zilishamwaga fedha kwenye kompyuta kwa miaka. Maelezo mojawapo ni kwamba wengi walikuwa wamefanya ulichofanya wewe: wamenunua chombo kipya, kazi wameiacha inapita njia ya zamani.

Twende uani kwako. Chukua chaneli ya U ya kubebea mota, bati la milimita 2, upana wa nje 100, kila ubavu 50. Fundi wako anajumlisha 50 na 100 na 50, anapata 200, anakata 200. Lakini bati halikunjiki kwa kona kali kama karatasi. Linazunguka, na njia ya kuzunguka ni fupi kuliko ile ya kwenda mpaka pembeni na kurudi. Kama mashine yako inakunja kwa nusukipenyo cha ndani cha milimita 2, bati linalotakiwa ni karibu 192.8. Aliyekata 200 amezidisha milimita 7, na hizo zinakimbilia kwenye mbavu. Matundu aliyotoboa bati likiwa bapa yamehama. Mota inakataa kukaa. Anavuta grenda, anapanua matundu yawe kama mayai, anakaza bolti kwa nguvu. Mashine inawaka, inatikisika kidogo, na kabla ya msimu wa mavuno kuisha beringi imekufa, mteja yuko kwenye simu, na wewe umeingia mfukoni kulipa nauli ya fundi kwenda Kilosa.

Karibu kila programu yenye sehemu ya bati inaijua hesabu hiyo. Ila haijui mashine yako. Inabidi iambiwe, na kuiambia ni kazi ya asubuhi moja. Mwambie kijana akate vipande vitatu vya bati hilo vyenye urefu wa 100 kamili, avikunje katikati kwa digrii 90, kisha apime mbavu zote mbili kwa nje kwa kutumia venia, kile kipimo cha taya kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Jumla haitakuwa 100. Itasoma kitu kama 103.6. Hiyo 3.6 ndiyo tabia ya mashine yako kwa bati hilo, na kwa mkunjo wa pili unaihesabu tena: 7.2, ukiitoa kwenye 200 unarudi kwenye 192.8 yetu. Rudieni kwa bati la 1.5 na la 3. Andikeni ukutani, ingizeni kwenye programu. Nakisia kijana wako hajawahi kuigusa mashine ya kukunja tangu afike. Sisemi ni kosa lake. Pengine alionyeshwa meza na soketi ya umeme, basi.

Jambo la pili ni kupanga vipande kwenye bati kabla ya kukata. Tuseme unahitaji mifuniko 40 ya milimita 600 kwa 420, na bati lako ni la futi 4 kwa 8, yaani 1220 kwa 2440. Fundi akilaza ile 600 kwa urefu wa bati anapata minne kwa miwili, jumla minane, kwa hiyo anahitaji mabati matano. Ukigeuza, 420 ikaenda kwa urefu na 600 kwa upana, unapata mitano kwa miwili, kumi. Mabati manne. Bati zima limebaki stoo, na la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 47. Bei ya kilo unaijua wewe kuliko mimi. Kwa vipande vya mstatili hata kichwa kinaweza. Subiri uwe na vipande vya hopa (lile pipa la juu la kumiminia nafaka) vyenye mishazari, flanji (visahani vya kuunganishia) za duara na masikio ya kuning'inizia vyote kwenye oda moja, hapo ndipo kioo kinakishinda kichwa.

Tukiwa kwenye uzito: ukishakuwa na mchoro kamili, programu inakupa uzito wa kila kipande, na hapo profoma yako, ile karatasi ya bei unayompa mteja, inaacha kuwa ya kukisia. Nimewaona wenye karakana wakikadiria chuma kwa jicho, wanaongeza kidogo kwa ajili ya usalama, wanapoteza zabuni. Safari nyingine wanapunguza ili washinde, wanashinda, kisha wanaila hasara. Kama kuna mahali pamoja ambapo kompyuta ingekulipa ndani ya mwezi, ni hapa kwenye bei, na nina hakika kijana wako hajawahi kuulizwa uzito wa kitu chochote.

Sasa nikueleze lililonikuta mwenyewe, maana si vizuri nikusemee makosa yako peke yako. Nikiwa kijana nilichora kwenye kiwanda kimoja flanji za mabomba. Mteja akabadili mawazo, matundu yatoke sita yawe manane. Nikabadili faili, dakika tano, nikachapa, nikampelekea msimamizi, nikaenda kula. Wiki iliyofuata flanji 24 zikatoka na matundu sita kila moja, zimechongwa safi, hakuna hata moja yenye kasoro isipokuwa hiyo. Faili langu lilikuwa sahihi. Kilichowaongoza mafundi ni ile karatasi ya kwanza iliyobandikwa ukutani karibu na drili, imelowa mafuta, imetobolewa na cheche, na hakuna aliyeambiwa aiondoe. Karatasi mpya ilikuwa kwenye droo ya msimamizi.

Enzi za wino na karatasi ya kunakilia, kubadili mchoro kulikuwa adhabu, watu walifikiri mara tatu kabla ya kugusa. Kompyuta imeifanya iwe rahisi, kwa hiyo mabadiliko yameongezeka, na kila badiliko linazaa karatasi nyingine inayofanana na ile ya zamani kama pacha. Tangu siku ile, kila mchoro wangu una herufi kubwa kwenye kona, A, B, C, pamoja na tarehe, na mimi mwenyewe ndiye ninayeshuka uani kuchana ya zamani. Kumwambia mtu aichane hakutoshi.

Kama unadhani haya ni ya karakana za kwetu tu, sikiliza ya Airbus, kampuni ya Ulaya inayotengeneza ndege. Ndege yao ya A380, ile ya ghorofa mbili ambayo aliyepitia Dubai na shirika la Emirates huenda ameshaipanda, ina nyaya zenye urefu wa karibu kilomita 530. Sehemu zake zilitengenezwa nchi mbalimbali na kuunganishwa Toulouse, Ufaransa. Wahandisi wa Hamburg na wa Hispania walikuwa wakitumia toleo la nne la programu ya CATIA. Wenzao wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wameshahamia toleo la tano. Jina la programu ni moja, ila matoleo mawili hayo hayakusomana vizuri. Nyaya zilipofika Toulouse kuvutwa ndani ya ndege, nyingine zikawa fupi, hazifiki zinakotakiwa. Sehemu ya tatizo ilikuwa mikunjo: waya wa alumini unahitaji kona pana kuliko wa shaba, na kona hizo hazikuwa zimehesabiwa sawasawa. Unaona? Ni chaneli yako ya U, ila imepanda ndege. Ratiba ikarudi nyuma karibu miaka miwili, na Oktoba 2006 ikatangazwa kwamba faida ingepungua kwa euro bilioni 4.8 kufikia 2010. Emirates, mteja wao mkubwa kuliko wote, alipata ndege ya kwanza Julai 2008.

Programu walikuwa nayo, tena ya bei mbaya. Walichokosa ni mchoro mmoja ambao wote wanauona na kuuamini.

Watani wao, Boeing, walitumia CATIA hiyohiyo kuchora ndege ya 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994. Yote ilichorwa kwenye kompyuta, na ule mfano wa ukubwa kamili uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya kujaribu kama vitu vinaingiana, safari hii walijenga wa pua tu. Habari hiyo husimuliwa sana na wauza programu. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Boeing waliwaketisha wachoraji meza moja na watu wa kiwandani, wauza vipuri, hata mashirika ya ndege yaliyokuwa yanainunua, mchoro ungali unachorwa. Fundi atakayefungua kifuniko usiku uwanjani aliulizwa kabla kifuniko hakijakuwepo.

Kwa hiyo fanya hivi kesho. Fundi wako mkuu, yule mwenye mvi, akae na kijana kila asubuhi nusu saa, kabla bati halijaguswa. Fundi aulize maswali yake ya kifundi: spana itapita wapi? Kishikio cha kuchomelea kitafika huku ndani? Mkanda ukikatika shambani, mteja ataubadili bila kubomoa kinga? Kwenye kioo kila kitu kinachomeleka. Kioo hakina mkono wa kuunguzwa. Mwanzoni watagombana. Mzee atasema huyu mtoto hajui chuma, kijana atasema mzee haelewi mchoro, na wote watakuwa wanasema kweli. Vumilia mwezi mmoja.

Kijana naye mpunguzie desimali. Wanatoka chuoni wanaandika 192.836 kwenye mchoro wa hopa, wakati fundi anapima kwa tepu na kuweka alama kwa chaki ambayo mstari wake peke yake una unene wa milimita 2. Usahihi uandikwe panapohitajika: pale shafti inapoingia kwenye beringi, hapo mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita, zina maana na mkerezaji lazima aambiwe. Kwenye kifuniko cha juu, "600" inatosha, na milimita moja huku au kule haiui mtu. Mchoro unaodai usahihi kila mahali unapuuzwa kila mahali, pamoja na pale kwenye shafti.

Wateja wako wanaosifia michoro nao ni wa kuangalia. Mteja akionyeshwa picha nzuri kwenye simu anaanza kuitembelea kama nyumba: mdomo wa hopa upanuliwe, miguu iongezwe, rangi iwe ile ya jirani. Kila "kidogo tu" ni saa ya kijana na herufi mpya kwenye kona. Weka masharti kwenye profoma: mabadiliko mawili bure, la tatu linalipiwa. Utashangaa yanavyopungua.

Halafu kuna maktaba ya vipuri, ambayo naipenda kuliko yote. Hesabu shafti za mashine zako kumi za mwisho. Nikiwa nimekisia vizuri utakuta vipenyo vitano tofauti, maana kila moja ilitengenezwa kwa chuma kilichopatikana siku ile. Ambieni kompyuta ikumbuke vichache: beringi ya 6205 yenye tundu la 25 na kipenyo cha nje 52, 6206 yenye 30 kwa 62, puli mbili tatu, flanji mbili, miguu ya aina moja. Mashine mpya ianze kwa kuchota humo. Mteja akitaka kubwa zaidi, kijana anabadili vipimo vya hopa na fremu, moyo wa mashine unabaki uleule, na wewe unanunua beringi kwa boksi badala ya mojamoja kwa bei ya dharura. Nimeona karakana ikipata nafuu kubwa hapa kuliko kwenye kitu kingine chochote, na programu yao ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kuchora bapa.

Ndipo tunafika kwenye leseni. Kijana hajakosea kuitamani 3D: mashine ya kukoboa ina vipande vingi vinavyoingiana, na kwenye 3D unaona mapema kama puli itagonga kinga. Lakini ajaribu kwanza FreeCAD, ambayo ni ya bure, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 imetulia kuliko zamani. Ina pia sehemu ya bati ya kuongezea. Ina ukaidi wake, atalalamika. Mwache alalamike miezi mitatu. Nakala za wizi za programu kubwa usiziruhusu mlangoni, zinazunguka mtaani kwenye flashi pamoja na virusi vyake, na siku mteja mkubwa atakapokagua utaaibika.

Katika miezi hiyo mitatu wewe shika daftari lenye safu tatu tu: mabati yaliyoharibika, kazi zilizorudiwa, na siku toka advansi hadi kirikuu. Usiandike kijana amechora michoro mingapi. Safu hizo zikianza kushuka na kijana akikuonyesha kazi mahsusi ambayo FreeCAD imemkwamisha, kwa mfano mkusanyiko wa vipande mia unaoganda kila akiufungua, hapo nunua leseni, tena ya mwaka mmoja kwanza. Zisiposhuka, leseni haitazishusha.

La mwisho, maana najua mtaanza kupeleka bati kukatwa kwenye mashine za plazma za mjini. Watakuomba faili la DXF, aina ya faili la mchoro ambalo lipo tangu programu ya AutoCAD ilipotoka 1982 na karibu kila mashine inalisoma. Mwambie kijana aandike kwa maneno, ndani ya ujumbe, kwamba vipimo ni milimita, na ataje urefu wa kipande kimoja. Faili likisomwa kwa kipimo kisicho chake, inchi kwa milimita, kipande cha 254 kinatoka 10. Niliwahi kupelekewa sahani nane za namna hiyo kwenye bahasha. Moja naitumia mpaka leo kushikia funguo.